Nukta iliyofungiwa kwenye mraba

Goblini, kijitu cha ngano za Ulaya, alikuwa amefungwa kamba mikono na miguu, na yote aliyoyajua alikuwa ameshayasema. Tulikuwa watu watano sebuleni kwa rafiki yetu Kinondoni, mimi nikiwa msimamizi wa mchezo, na lilikuwa limebaki swali moja: mateka huyu afanyweje? Akiachiwa, atawakimbilia wenzake na kuwaonyesha njia tuliyopita. Akichukuliwa, atatuchelewesha. Dada aliyekuwa akicheza paladini, yaani askari aliyekula kiapo cha dini, alinyamaza kidogo, kisha akafanya jambo lililonikaa kichwani tangu usiku ule. Hakuniuliza kama goblini analia au anatukana. Hakuwageukia wenzake. Aliinama akasoma karatasi yake, pale juu palipoandikwa "mwema mshika sheria", akainua uso na kuuliza: "Kaka, mwema mshika sheria anaruhusiwa kuua mateka?"

Nilikuwa nimeandaa pango, ramani, mitego na hazina. Jibu la swali hilo sikuwa nalo. Lilikuwa swali la mtu anayejaza fomu dirishani, anataka kujua aandike nini kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na fomu yenyewe tulikuwa tumempa sisi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, michezo ya kuigiza wahusika huchezwa kwa mazungumzo. Msimamizi anaeleza mahali na matukio, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayana uhakika. Mkongwe wa michezo hiyo ni Dungeons & Dragons (D&D), uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kwenye karatasi ya kila mhusika, pamoja na nguvu, akili na silaha, kuna maneno mawili yanayotaja msimamo wake. Neno moja linasema kama ni mwema, mwovu au wa kati. Jingine linasema kama ni mshika sheria, wa vurugu au, hapa pia, wa kati. Tatu mara tatu, misimamo tisa. Hata watu ambao hawajawahi kurusha dadu wamekutana mtandaoni na lile jedwali la miraba tisa, humo wamepangwa wanasiasa, wahusika wa filamu, hata vyakula.

Naamini jedwali hilo limetupotosha. Kilichobuniwa mwanzoni kilikuwa nukta inayotembea kwenye grafu, ikisukumwa na matendo ya mhusika. Sisi wachezaji, tukisaidiwa na wachapishaji, tukaigeuza mraba wa kukaa ndani. Na mabishano yote ninayoyasikia leo, kama msimamo ubaki au ufutwe, yanauhusu mraba. Nukta imesahauliwa.

Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za mchezo wa vita unaochezwa kwa vikosi vya sanamu ndogo. Mwishoni walitia nyongeza ya viumbe wa ngano, na humo mlikuwa na orodha iliyowapanga viumbe hao katika safu tatu: Sheria, Kati, Vurugu. Orodha ilikuwa na kazi ya kijeshi, kumwambia mchezaji ni majitu gani yatakubali kuingia jeshi lake. Waandishi wenyewe walionya kwamba haiwezekani kuchora mstari bayana kati ya viumbe wema na waovu. D&D ya 1974 ikairithi orodha hiyo na kuipanua. Ukiisoma leo utashangaa. Binadamu wamo katika safu zote tatu. Maorki, ambao baadaye walifanywa mfano wa uovu wa kuzaliwa, wamo kwenye Vurugu na wamo pia kwenye Kati. Palikuwa na nafasi ya orki asiye na ugomvi na mtu.

Kiswahili kina neno zuri kwa hilo: upande. Uko upande wa nani? Riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambazo Gygax alizichota bila kificho, zilikuwa na Sheria na Vurugu kama nguvu mbili kubwa zinazogombania ulimwengu, na binadamu amebanwa katikati. Mtu mpole anaweza kujikuta upande mbaya kwa sababu ya undugu, deni au woga. Katili anaweza kupigania upande wetu. Upande haumalizi habari za mtu, na mwaka 1974 hakuna aliyedai kwamba unazimaliza.

Februari 1976, katika jarida dogo la kampuni yao lililoitwa The Strategic Review, Gygax aliandika makala ya kufafanua maana ya Sheria na Vurugu na uhusiano wake na wema na uovu. Hapo ndipo mhimili wa pili ulipozaliwa. Makala ile ilikuwa na mchoro, na mchoro wenyewe ulikuwa grafu: mstari mmoja umelala, mwingine umesimama, na viumbe wametawanywa kila mmoja mahali pake, huyu karibu na katikati, yule pembeni kabisa. Mhusika wa mchezaji alikuwa nukta, na msimamizi alitakiwa kuisogeza kila mhusika alipotenda. Kitabu cha mwongozo wa wasimamizi cha 1979 kilirudia agizo hilo: angalia mwenendo wa kila mhusika, ulinganishe na msimamo aliojitangazia, chora anakoelekea. Kwa maneno mengine, lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa dai la mchezaji kuhusu mhusika wake, na grafu ya msimamizi ilikuwa ushahidi.

Huo ni ubunifu mkubwa, na sioni kama Gygax amewahi kusifiwa vya kutosha kwa ajili yake. Mhusika anasema yeye ni mwema. Miezi sita baadaye nukta inaonyesha ameteleza hadi ukingoni mwa uovu, hatua ndogo ndogo, kila moja ikiwa na sababu yake nzuri. Mchezo gani mwingine wa zama zile ungeweza kumwonyesha mtu kitu hicho?

Lakini kanuni zile zile zilikuja na adhabu. Mhusika aliyebadilika msimamo alipoteza ngazi nzima ya uzoefu, kazi ya wiki nyingi za kucheza. Paladini alilazimika kuwa mwema mshika sheria, la sivyo alinyang'anywa nguvu zake. Muuaji wa kukodiwa alilazimika kuwa mwovu. Druidi, kuhani wa misitu, alilazimika kukaa katikati kabisa. Mchezaji yeyote mwenye akili angefanya nini? Aliiogopa nukta isisogee. Msimamizi naye, akiogopa ugomvi na rafiki yake, akaacha kuichora. Grafu ikalala kitabuni, mhusika akabaki na maneno mawili juu ya karatasi, na maneno hayo yakaanza kusomwa kama tabia.

Dalili za kuchanganya upande na tabia zimejaa kwenye kanuni za zamani. Kila msimamo ulikuwa na lugha yake ya siri, iliyojulikana na wote wenye msimamo huo. Ukifikiria pande, hilo linaingia akilini, kama waumini wa madhehebu fulani wanavyotambuana kwa ibara zao. Ukifikiria tabia, haliingii popote, maana wapole wa dunia hawana lahaja moja. Toleo la 1989 liliziacha lugha hizo lakini likaja na maelezo ya misimamo ya kati yaliyonishinda kabisa. Mhusika wa kati wa vurugu alielezwa kama mwendawazimu, mtu ambaye huwezi kujua atafanya nini. Na wa kati kamili alipewa mfano wa druidi anayeungana na wenyeji kupigana na kabila la magnoli, viumbe wa mchezo huo, kisha magnoli wakikaribia kumalizwa, anawaacha wenzake au anahamia upande wa pili ili mizani isilemee. Sijawahi kukutana na binadamu wa namna hiyo, na sidhani mwandishi alikuwa amekutana naye. Huyo ni mraba uliopewa miguu na fimbo.

Na katika ule mraba mwingine, wa kati na vurugu, ndimo kilimozaliwa kisingizio kinachoua meza nyingi kuliko joka lolote. Mchezaji anamwibia mwenzake usiku, anamsukuma mtoto wa mfalme mtoni, na akiulizwa anajibu: mhusika wangu ndivyo alivyo. Anasema kweli kwa mujibu wa karatasi. Karatasi imemwondolea mzigo wa kuchagua.

Tulipoamua kuacha kuchanganya Kiingereza na Kiswahili mezani na kuitafsiri karatasi nzima ya mhusika, nguvu na wepesi havikutusumbua. Silaha nazo zilipita. Tulikwama kwenye upande wa Sheria, tukakaa hapo jioni nzima. Neno la Kiingereza linafunika mambo mengi kwa blanketi moja. Kiswahili kilitulazimisha kuyafunua. Anayetii amri ya mfalme ni mtiifu. Anayeshika desturi za wazee wake ni mtu wa mila. Anayeishi kwa kiapo chake, hata mfalme akitaka kivunjwe, ni mtu wa ahadi. Anayeamka saa ile ile na kunoa upanga wake kwa utaratibu ule ule ni mtu wa nidhamu. Wakiwekwa chumba kimoja watu hawa wanne watagombana kabla ya chai kuiva, na jedwali linawapa safu moja.

Mpeleke paladini kwenye mji ambao sheria inaruhusu utumwa. Akimtorosha mtumwa amevunja sheria. Akipita na kumwacha, wema wake uko wapi? Wasimamizi wa Kiingereza wamelijadili fumbo hili kwa miongo kama zoezi la akili. Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kulifikiria kama zoezi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na hadi mkesha wake kuuza na kununua watu pale ilikuwa biashara halali. Ukisema tu "mshika sheria" bila kusema sheria ya nani, hujanieleza chochote kuhusu mhusika wako. Kwenye karatasi zetu sasa neno hilo haliruhusiwi kusimama peke yake. Lazima lifuatwe na mstari mmoja: ya nani. Mmoja wetu ameandika "ya marehemu bibi yangu", na kwa maneno hayo manne namfahamu mhusika wake kuliko miraba yote tisa ingenifahamisha.

Au jaribuni kumpanga Abunuwasi. Katika kisa kimoja tajiri anamdai maskini malipo ya harufu ya chakula chake, na Abunuwasi anayalipa kwa mlio wa sarafu. Hapo ni mtetezi wa wanyonge. Katika kisa kingine anamrudishia jirani sufuria aliyoiazima pamoja na nyingine ndogo, akidai imezaa, na jirani anapomkopesha kubwa zaidi kwa tamaa, anaambiwa imekufa. Hapo ni laghai, ingawa aliyelaghaiwa alijitakia. Nimewaona wachezaji wakibishana kwa saa nzima kuhusu mraba wake. Kwenye grafu hakuna ubishi wa namna hiyo, nukta ya Abunuwasi inatembea tu, tena inatembea mbio.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tangu kitabu cha viumbe cha 1977, msimamo haukuwa wa wahusika wa wachezaji peke yao. Kila kiumbe aliorodheshwa na wake, baina ya mstari wa akili na mstari wa ukubwa wa mwili. Orki: mwovu mshika sheria, hadi matoleo ya baadaye yakamhamishia kwenye vurugu. Gnoli: mwovu wa vurugu. Ile nafasi ya 1974, ya orki aliye katikati, ikafutika kimyakimya.

Gnoli ananihusu kwa sababu ana kichwa cha fisi. Mwaka 1974 alikuwa kiumbe asiyeeleweka, mchanganyiko wa mbilikimo na jitu. Mwaka 1977 akapewa sura ya fisi, na tangu hapo hajaivua. Toleo la 2014 likaongeza asili yake: magnoli walitokana na fisi waliokula mizoga iliyoachwa na bwana wa mashetani aitwaye Yeenoghu. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura na Fisi tutasema hilo si geni. Fisi wetu naye ni mlafi tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho wake, na hakuna mtoto aliyewahi kumkatiza bibi na kuuliza kama kuna fisi mkarimu. Nimelifikiria pingamizi hilo sana, maana nazipenda hadithi zile.

Jibu langu ni kwamba Fisi wa ngano ni ulafi uliovaa ngozi. Hana nyumba tunayoweza kuingia wala hatungoji achague. Mchezo wa kuigiza wahusika unafungua mlango ambao ngano imeufunga. Mchezaji anaweza kumkalisha gnoli chini na kumuuliza jina la mama yake, na msimamizi analazimika kujibu. Mara tu anapojibu, gnoli ana mama, ana jina, ana kijiji. Ukishafika hapo, mstari unaosema "mwovu" kabla hajatenda lolote unageuka hukumu juu ya watu kwa kuzaliwa kwao.

Fumbo maarufu la paladini na watoto wa maorki linatokea hapo. Kikosi kimeshinda vita, kinaingia pangoni, kinakuta watoto. Kitabu kinasema maorki ni waovu. Paladini ameapa kuuangamiza uovu. Mwaka 2005 Gygax mwenyewe, akijibu maswali ya wachezaji kuhusu wema wa kushika sheria, alikumbusha msemo wa zamani kwamba mayai ya chawa huwa chawa. Msemo huo unahusishwa na Kanali John Chivington, ambaye askari wake waliwaua Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek, Colorado, Novemba 1864, wengi wa waliouawa wakiwa wanawake, watoto na wazee. Nimesema namsifu Gygax kwa grafu yake, na sifa hiyo siiondoi. Lakini angalieni njia ilivyonyooka. Ukishakubali kwamba msimamo unazaliwa nao, hakuna kituo kingine njiani, safari inaishia kwa Chivington. Mtu aliyebuni nukta inayotembea alifika huko kwa kufuata mstari wa kitabu chake mwenyewe.

Wachapishaji wa sasa wameliona. Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki D&D, ilitangaza kwamba maorki na madrow, yaani waelfu (elves) wa chini ya ardhi, wataonyeshwa kuwa watu wenye undani kama watu wengine. Mwaka 2021 maelezo ya msimamo unaopendekezwa kwa kila jamii ya wahusika yakaondolewa kwenye kitabu cha wachezaji. Kitabu kipya cha viumbe cha 2025 hakina tena orki kama adui wa kupangwa. Naunga mkono hatua hizo. Ila kitabu hicho hicho kimewahamishia magoblini kwenye kundi la viumbe wa kichawi na magnoli kwenye kundi la mashetani. Hapo naona ukwepaji. Swali lilikuwa kama gnoli anaweza kuchagua, na jibu limekuwa kumwondoa miongoni mwa wanaochagua, ili upanga uendelee kumkata bila kusumbua dhamiri.

Wapinzani wao wakubwa, Paizo, wachapishaji wa mchezo wa Pathfinder, walikwenda mbali zaidi. Baada ya mgogoro wa Januari 2023 juu ya leseni ya kutumia kanuni za D&D walilazimika kuyaandika upya mambo mengi yaliyofanana na D&D, na katika toleo la Pathfinder lililotoka Novemba mwaka huo msimamo umefutwa kabisa. Mahali pake pamewekwa maagizo na miiko: kila mungu, na hata kila mhusika akitaka, ana mambo ya kutenda na mambo ya kuepuka. Nimeupenda mwiko kuliko sifa. Mtu anaweza kujiita mwema mwaka mzima bila kuulizwa. Mwiko unavunjwa mbele ya watu, na mvunjaji hujulikana saa ile ile. Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa 2023, nao umeacha misimamo tisa, lakini paladini akivunja kiapo chake ananyang'anywa nguvu na usiku huo kambini anakuja mgeni mwenye deraya nyeusi kuzungumza naye. Hakuna mraba, na bado tendo limesikika.

Wanaosema basi na tufute msimamo wote twende zetu, nawaelewa, ila nadhani wanapoteza kitu. Meza isiyo na kipimo chochote cha mwenendo inarudi haraka kwenye kuhesabu dhahabu na maiti. Nimewahi kuongoza meza kama hiyo kwa miezi minne. Hakuna aliyekuwa katili kwa makusudi. Walikuwa tu hawaoni kitu kingine kikihesabiwa.

Walioona mbali ni watu wa Pendragon, mchezo wa Greg Stafford wa 1985 kuhusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Mhusika ana jozi 13 za tabia, na kila jozi jumla yake ni 20. Huruma ikiwa 16, ukatili ni 4. Ikipanda moja, nyingine inashuka. Panapotokea jaribu kubwa, mchezaji anarusha dadu ya pande 20 dhidi ya tabia yake, na huenda yule aliyekusudia kumsamehe adui akashindwa na kisasi kilichomo ndani yake. Wachezaji wengine huchukia kunyang'anywa uamuzi namna hiyo. Mimi naona huo ni ukweli kuhusu binadamu ambao michezo mingine haijauthubutu: tumejizoesha mambo, na siku ya siku mazoea ndiyo yanayotushika mkono. Halafu kila tendo zito linaweza kusogeza namba, kwa hiyo anayetaka kubadilika anayo njia, ila ni ya polepole.

Mwaka 1991 Vampire: The Masquerade ulikuja na kipimo kimoja tu, cha 0 hadi 10, ambacho jina lake kwa Kiswahili haliwezi kuwa lingine ila utu. Mnyonya damu anauanza mchezo akiwa na utu wa kutosha, na kila ubaya mzito unamweka hatarini kuupoteza kidogo. Ukifika 0, mchezaji anamkabidhi msimamizi karatasi, maana aliyebaki ni mnyama. Sihitaji kumweleza msomaji wa Kiswahili kwa nini kipimo hicho kinaingia moyoni. Tumezoea kusema fulani hana utu tukizungumzia alichotenda jana, na kesho akitenda vingine tunamrudishia.

Kwenye kompyuta kuna visa viwili ambavyo huwa nawasimulia wasimamizi wapya. Ultima IV ya Richard Garriott, ya 1985, ina muuza dawa kipofu. Unachukua bidhaa zake, naye anakuachia utaje mwenyewe kiasi unachomlipa. Unaweza kumpunja, na hakuna kengele inayolia. Baadaye sana, unapotaka kuinuliwa katika fadhila ya uaminifu, ndipo unapogundua kwamba mchezo ulikuwa unahesabu. Cha pili ni Planescape: Torment, cha 1999. Mhusika mkuu anaanza akiwa katikati kabisa na anasogea kwa anayoyasema na kuyatenda, na mara kadhaa mchezaji anapewa majibu mawili yenye maneno yale yale, tofauti yake ni kwamba moja limetajwa kuwa kweli na jingine uongo. Mtu unayezungumza naye anasikia ahadi ile ile. Unayejua ni wewe, na nukta yako inajua.

Hapo ndipo msimamizi wa mezani anaposhindwa na kompyuta, na ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote: nani amempa kaka mmoja sebuleni mamlaka ya kuhukumu dhamiri za wenzake? Nia siioni. Naona tendo tu, tena kwa macho yangu na malezi yangu. Kwa sababu hiyo nimeacha kuichora grafu peke yangu. Mwisho wa kila usiku, vikombe vikiwa bado mezani, kila karatasi inazungushwa. Mchezaji anaiweka nukta yake kwa penseli mahali anapoona mhusika wake amefika. Kisha wenzake, kwa pamoja, wanaweka yao kwa kalamu. Nukta hazina adhabu wala hazikati ngazi. Usiku unaofuata tunaanzia zilipo.

Yule goblini, basi. Usiku ule nilimwambia dada yetu aiweke karatasi chini na amuulize goblini swali lolote. Akauliza jina lake. Nikalibuni papo hapo. Akauliza kama ana watu. Nikasema ana ndugu wawili. Akazikata kamba, akampa maji yake ya kunywa, akamwambia aende magharibi, asirudi kambini kwao. Goblini alirudi kambini. Alfajiri walitujia wengi, na mhusika wa mwenzetu mmoja, mpiga mishale aliyechezwa tangu siku ya kwanza, akafa mtoni.

Karatasi ya paladini ilipozungushwa, dada aliiweka nukta yake ya penseli juu kidogo ya ilipokuwa, kuelekea wema. Mwenye mpiga mishale aliishika kalamu muda mrefu. Akasema si wema mtu kutoa sadaka ya uhai wa wenzake bila kuwauliza. Wengine wawili wakamuunga mkono, na nukta ya kalamu ikashuka hadi karibu na mstari wa kati. Dada alibisha kwa dakika kumi. Hawakukubaliana. Hadi leo karatasi ile ina nukta mbili, zimeachana kwa upana wa vidole vitatu, na kila tukianza usiku mpya yeye ndiye wa kwanza kuziangalia.